Faini ya Njia Nyembamba: Kutoka Hongo mpaka Bariere ya Kasongo na Kabambare

Ndugu zangu wanafunzi, mafinalisti na ninyi wenye shahada tayari, leo tuongee juu ya kitu ambacho mifuko yetu inakijua vizuri: faini ya barabarani. Siongei juu ya ile ya Kinshasa au Lubumbashi, pale penye gudroni na taa. Naongea juu ya ile unayoikuta kati ya Kasongo na Kabambare, mahali majani yamebana njia pande zote mbili, daraja ni magogo yaliyolazwa juu ya mto, na mtu amevuta kamba mbele yako anasema: "Mzigo yako inapita upana ya njia. Lipa amande."

Wengi tunaona ni tabu ya siku hizi, imeletwa na vita na mishahara isiyofika. Vita na mishahara vimo, sikatai. Lakini ukifuata historia ya upande wetu huu wa Maniema, utaona kwamba njia nyembamba na mtu anayetoza wameishi pamoja hapa kwa zaidi ya miaka 150. Watozaji wamebadilika, bei zimebadilika. Jambo ninalotaka tuliangalie ni lingine: katika kila zama, nani alikuwa na ruhusa ya kubishana juu ya ile faini?

1. Zama za hongo

Kabla ya gari, njia kubwa ya kuja kwetu ilitoka pwani. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda mpaka Kabambare, halafu Kasongo na Nyangwe kwenye Lualaba. Wale wanaotania kwamba Kabambare ni mwisho wa dunia wajue kwamba wakati ule ilikuwa kituo ambacho msafara ulihitaji. Livingstone, ambaye aliandika jina lake "Bambarre", alikaa huko muda mrefu akiwa mgonjwa kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871. Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874. Stanley alifuata mto Luama mpaka Lualaba mwaka 1876. Na lugha hii ninayoandika, Kingwana chetu, ilikuja kwa miguu katika njia hiyohiyo.

Njia yenyewe ilikuwa na upana wa mtu mmoja. Watu walitembea wakifuatana, mmoja nyuma ya mwingine, na mzigo ulipangwa kwa kipimo cha bega: kama kilo 30 kwa kila mpagazi, ukiwa umefungwa mrefu ili usikamatwe na miti. Hata mali ya tajiri ililazimika kukubali upana wa njia.

Njia ya namna hiyo ni rahisi kuifunga. Huko Ugogo, mahali maji ni kidogo, watemi walitoza hongo. Msafara ulilipa kwa nguo, shanga na waya wa shaba, ndipo uruhusiwe kunywa kwenye visima na kuendelea. Wasafiri wa Ulaya waliandika malalamiko mengi juu ya hongo, kwa sababu mazungumzo yaliweza kumaliza siku kadhaa. Mtemi anataja kiasi, kiongozi wa msafara anakataa, wajumbe wanakwenda na kurudi, nguo inapimwa kwa mkono, inakataliwa kwamba ni ya hali ya chini, inaletwa nyingine. Waliona ni uporaji tu. Lakini tuangalie vizuri: yule anayetozwa alikuwa na nafasi ya kusema hapana, ni nyingi, punguza. Na alipata kitu: maji na amani ya kupita. Makubaliano yakishindikana, njia yenyewe ilikufa. Mwaka 1871 Mirambo aligombana na Waarabu wa Tabora, akafunga njia ya Ujiji, na Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka mbali kusini.

Leo, kwa Kiswahili cha Tanzania, "hongo" maana yake ni rushwa. Neno lilianza kama ada ya njia inayojulikana na wote, likaishia gizani. Safari ya neno hilo peke yake ni somo.

Tusipambe mambo lakini. Kwetu Maniema hongo haikukaa kama Ugogo. Wafanyabiashara walikuja na bunduki, na yule anayetoza hakuwa mwenyeji mwenye kisima, alikuwa mgeni. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi sokoni Nyangwe, juu ya wanawake waliokuja kuuza vyakula, na mamia walikufa, wengine kwa kuzama Lualaba. Miaka michache baadaye Tippu Tip alikuwa amejenga nguvu yake Kasongo, na pembe za ndovu za nchi nzima zikaelekea kwake. Ubishani wa bei ulibaki kwa wale tu waliokuwa na bunduki.

2. Bula Matari anapanua njia

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulisema kwamba bidhaa zinazoingia bonde la Kongo zisitozwe ushuru wa kuingia wala wa kupita. Kwenye karatasi, mwisho wa hongo. Majeshi ya Dhanis yalichukua Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huohuo, na Leta mpya ikaanza. Njia ikawa huru kwa bidhaa. Kwa watu wa vijiji, malipo yaligeuka sura: yakawa kazi ya mwili.

Reli kutoka Kindu kwenda Kongolo ilimalizika mwaka 1910, lakini ilipita magharibi ya mto. Sisi wa mashariki ya Lualaba tulibaki watu wa barabara. Kisha ikaja pamba ya lazima, kuanzia mwaka 1917, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Pamba haiwezi kubebwa yote kichwani kilomita mia. Inataka kamyo, na kamyo inataka njia ya upana wake. Basi vijiji vilihamishwa kutoka porini na kupangwa kandokando ya barabara, mahali bwana administratere anaweza kuhesabu watu, kodi na mashamba akiwa kwenye gari. Vijiji vyetu vingi vilivyonyooka kama mstari ni alama ya siasa ile mpaka leo.

Nani alifyeka njia, nani alijaza mashimo, nani alilaza magogo ya daraja? Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 juu ya utawala wa wenyeji ilipanga kazi za lazima, na ndani yake mna barabara na madaraja ya mahali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikapandishwa mpaka 120. Asiyefanya alikutana na faini au kifungo. Na aliyehukumu ni nani? Katika mahakama ya polisi, hakimu alikuwa administratere mwenyewe, yuleyule aliyeagiza kazi, yuleyule aliyepita kuikagua. Ukibisha, unabisha mbele ya mtu aliyekushitaki.

Hapa kuna jambo ambalo sisi vijana hatulifikirii. Bazee wetu hawakupigwa faini kwa sababu mzigo wao ulikuwa mpana. Walipigwa faini kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Upana wa njia ulikuwa deni la kijiji: majani yakiingia barabarani, kijiji kinalipa. Leo imegeuzwa. Njia imekuwa nyembamba kwa sababu hakuna anayeifyeka, na anayelipa ni yule anayejaribu kupita. Katika zama zote mbili, aliyepewa kazi ya kutunza barabara kwa fedha za umma hayumo kwenye orodha ya wanaolipa.

3. Leta inakonda, bariere inabaki

Baada ya uhuru tulipata vyombo. Ofisi ya Barabara iliundwa mwaka 1971. Salongo ya Mobutu ilirudisha kazi ya pamoja kwa jina jipya, na wengi waliitambua mara moja kwamba ni ile ya zamani. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ilileta kanuni mpya za barabarani. Mwaka 2008 ukaundwa mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER. Kwenye karatasi tuko sawa.

Kwenye udongo, hapana. Uasi wa 1964 ulipita hapa. Miaka ya 1980 na 1990 ikala madaraja. Halafu vita ya 1998 mpaka 2003, Maniema ikiwa chini ya RCD mjini na Mai-Mai porini, ikaondoa kamyo karibu zote. Kilichookoa watu ni kinga. Mchele, mawese, chumvi, sabuni, hata wagonjwa, vyote vilisukumwa kwa kinga katika njia iliyorudi kuwa ya mtu mmoja mmoja, kama wakati wa misafara. Leo moto imeongezeka, lakini upana ni uleule.

Na pale njia inapobanwa, kamba inavutwa. Kwa jirani zetu wa Kivu zote mbili, shirika la utafiti la IPIS lilihesabu bariere 798 katika utafiti wake wa 2017. Usifikiri bariere inawekwa popote. Inawekwa mahali huwezi kuzunguka: kwenye daraja, kwenye mteremko, kwenye kivuko. Njia ikiwa pana na yenye matawi, bariere inakufa kwa njaa. Ndiyo maana wembamba wa njia ni mali kwa mtu fulani.

4. Jambo la daraja

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nyuma ya moto, tukitoka upande wa Kabambare kurudi Kasongo. Dereva alikuwa na bidoni mbili za mawese, moja kila upande. Kwenye daraja la magogo, wanaume wawili walivuta kamba. Mmoja alivaa nusu ya unifomu. Akasema hapa kuna kizuizi cha upana, bidoni zimepita kipimo, amande ni franka elfu ishirini.

Dereva, kijana wa miaka labda 22, hakupaza sauti. Akauliza: "Kumanda, ile alama ya upana iko wapi?"

"Alama ni mimi."

"Sawa, kumanda. Basi tupime. Kipimo ni ngapi?"

Hakukuwa na kipimo. Dereva akaendelea, polepole: "Kama niko na kosa, uniandikie PV, nitaenda kujibu. Sikatai kulipa, nakataa kulipa bila karatasi."

Tulikaa pale tangu saa nne ya asubuhi mpaka karibu saa tisa. Watu wengine walifika, wakatoa elfu mbili, elfu tatu, wakapita. Mama mmoja wa kinga alimwambia dereva: "Mwanangu, lipa tu, utalala na njaa." Mwishoni wale wawili walichoka, wakaangusha kamba. Hatukulipa. Lakini tulipofika, mnunuzi wa mawese alikuwa ameondoka, na dereva akauza kesho yake kwa bei ya chini.

Nasimulia hivi bila kupunguza, kwa sababu ukimwambia mtu "dai haki yako" ni lazima umwambie pia bei yake. Yule kijana alishinda kwa hoja, na kwa saa alishindwa. Yule mama alikuwa na hesabu yake, na haikuwa hesabu ya mjinga.

5. Sheria inasema nini

Hapa ndipo shahada zetu zinatakiwa kufanya kazi. Kifungu cha 9 cha kanuni ya mwenendo wa makosa ya jinai, amri ya tarehe 6 Agosti 1959, kinaeleza ile faini ya papo kwa papo. Kinasema ofisa wa polisi ya mahakama, yaani OPJ, akiona kosa ni dogo kiasi kwamba hakimu angetoa faini tu, anaweza kumwalika mkosaji alipe kiasi fulani kwenye hazina ya Leta. Shikeni neno hilo: kumwalika. Kiasi hakiwezi kupita faini ya juu kabisa iliyowekwa na sheria kwa kosa hilo, pamoja na nyongeza za kisheria.

Kutoka hapo tunapata mambo manne.

Kwanza, si kila aliyevaa unifomu ni OPJ. Una haki ya kuuliza kwa adabu.

Pili, mwaliko unaweza kukataliwa. Ukikataa, faili inakwenda parke, na ikibidi mbele ya mahakama ya amani, ambayo ndiyo inahukumu makosa madogo. Huko ndiko ubishani una mahali pake pa haki. Kukataa hakukufanyi mwasi.

Tatu, fedha inakwenda hazina, si mfukoni. Kwa hiyo kitansi si zawadi ya mpokeaji. Bila kitansi, ulicholipa si faini.

Nne, kosa linaandikwa kwenye PV, na anayeiandika anaapa kwamba ni ya kweli. Mtu anayekataa kuandika ana sababu.

Na juu ya upana wenyewe? Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya alama za barabarani, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1977, una alama yake: duara lenye ukingo mwekundu, pembetatu mbili nyeusi zinazotazamana, na katikati namba ya mita. Namba ndiyo kiini chake. Kizuizi kisicho na namba hakiwezi kuvunjwa, kwa sababu hakuna anayejua kinaanzia wapi. Katiba ya 2006 inaongeza: kifungu cha 30 kinatoa haki ya kutembea huru katika nchi, na kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria.

6. Vizuizi vya kweli vipo

Mtu atasema: basi unataka kila mmoja apite anavyotaka, daraja livunjike? Hapana. Bariere ya mvua, ile inayozuia kamyo mpaka udongo ukauke, ni kanuni yenye akili. Kizuizi cha upana na uzito kwenye daraja la magogo ni kanuni yenye akili. Kinalinda kijiji kizima.

Lakini tuangalie nani anaharibu nini. Kati ya 1958 na 1960, Wamarekani walifanya jaribio kubwa la barabara huko Illinois, linaloitwa AASHO, wakapitisha malori usiku na mchana kwa uzito tofauti. Waliona kwamba madhara hayapandi sawa na uzito wa ekseli. Yanapanda karibu kwa nguvu ya nne: ekseli yenye uzito mara mbili inaharibu kama mara 16. Lile jaribio lilikuwa la barabara zilizojengwa, si udongo wetu, lakini mwelekeo unaeleweka. Kinga ya mama na moto yenye bidoni mbili ndizo zinazoumiza njia kidogo kuliko zote, na ndizo zinazosimamishwa mara nyingi kuliko zote. Kama faini ingekuwa kwa ajili ya daraja, ingeanzia kwa kamyo. Na fedha yake ingeonekana kwenye magogo mapya.

7. Kazi yetu

Kati ya Kasongo na Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Kila kamba inayovutwa humo inaingia katika bei ya mchele na mawese, na kutoka hapo inaingia katika minervali ya mdogo wako. Mara nyingi mwanafunzi anayekosa mtihani kwa deni hajui kwamba sehemu ya deni lile ilibaki kwenye daraja.

Mtu mmoja akibisha anapoteza siku, tumeona. Ndiyo maana siwaambii kila mmoja akabishane peke yake, hasa mahali penye bunduki. Uhai kwanza. Nasema tufanye kile ambacho shirika la wasomi linaweza. Kifungu cha 9 kitafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, kwenye karatasi moja, na kila dereva wa moto awe nayo. Wenzetu wa haki wakae na vyama vya madereva, wawafundishe maneno matatu: alama, PV, kitansi. Tuandike kwenye daftari moja tarehe, mahali, sababu iliyotajwa na kiasi kilicholipwa, bila jina la mlipaji, kwa miezi sita. Daftari lile tulipeleke kwa administratere wa teritwari na kwa parke, kwa heshima, na nakala zetu tubaki nazo.

Kiongozi wa msafara, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, alikuwa na haki ya kukaa chini na mtemi akauliza: kwa nini nguo nyingi hivi, na mimi napata nini? Mkoloni alilifuta swali hilo. Sheria yetu imelirudisha, kwenye karatasi. Madereva wetu wanalijua tayari, kama nilivyosikia pale darajani. Kinachowapungukia ni watu wa kusimama nyuma yao wakati wanauliza.